Alteneta Kongwe, Betri ya Lithiamu: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia getini. Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1993, iliyoinuliwa paa na kuwekewa kitanda, friji na kabati la vyombo, ilifika gereji hapa Arusha ikitokea Karatu. Dereva hajazima injini, mimi nimeshajua kuwa vanishi ya nyaya za shaba imeungua. Harufu hiyo haifanani na ya mkanda wala ya klachi. Ni kali, ina utamu fulani wa kuchefua, na hukaa puani mpaka jioni. Nikachukua kipimajoto cha bastola, kama kile walichotupimia paji la uso wakati wa korona, nikakielekeza kwenye ganda la alteneta, mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari. Kikasoma nyuzi 128.

"Mzee, kuna kitu umebadilisha karibuni?"

"Betri tu, fundi. Nimetoa zile mbili za maji za nyuma, nimeweka moja ya lithiamu, ampea-saa 200. Kijana aliyeniuzia kasema ni kutoa na kuweka."

Mzee huyu aliendesha watalii miaka mingi, sasa amestaafu na anazunguka nchi na mke wake. Gari analijua kuliko mimi. Hakuambiwa jambo moja tu: betri ya maji inajua kushiba, na ya lithiamu haijui. Betri ya maji ikianza kujaa, ampea zinazoingia hupungua zenyewe, kwa hiyo alteneta hukimbia kwa nguvu dakika chache tu kisha ikapumzika. Lithiamu hupokea chochote inachopewa, saa baada ya saa, mpaka inakaribia kujaa kabisa. Na alteneta ya zamani haijui kusema basi. Inatoa yote iliyo nayo mpaka iungue.

Karibu matatizo yote yaliyo hapa chini yanazaliwa na hilo. Kabla hujaagiza alteneta kubwa, tafuta kwanza ni nani kwenye gari lako anayepanga kiasi cha ampea. Kama jibu ni "hakuna", umeshapata ugonjwa.

Kuhusu vipimo: mita ya kawaida inatosha kwa volti. Kwa ampea unahitaji ile mita ya kubana waya, na hakikisha inapima DC, yaani umeme wa betri. Nyingi za bei nafuu madukani hupima AC peke yake, umeme wa nyumbani. Ukiibana kwenye waya wa alteneta itakuonyesha sifuri na utahukumu alteneta nzima bila kosa. Kipimajoto cha bastola ni cha tatu. Bila hivi vitatu unabahatisha.

Alteneta inanuka, inachemka, au imekufa baada ya mlima

Ugonjwa mkuu ni huu, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Namba iliyoandikwa kwenye alteneta, tuseme ampea 80, ni ya alteneta iliyopoa na inayozunguka kasi. Ikipata moto inashuka. Alteneta za umri huo hugeuza kama nusu tu ya nguvu ya mkanda kuwa umeme, nusu nyingine inabaki ndani kama joto. Ampea 80 kwa volti 14 ni wati 1,120, na kiasi kinachokaribiana na hicho kinakaa ndani ya ganda. Ni kama kufungia pasi ya umeme ndani ya kopo na kutegemea feni ndogo iipoze. Feni yenyewe iko kwenye ekseli ileile ya alteneta: gari likienda polepole, nayo inalegea.

Sasa fikiria kile kipandio cha kutoka Mto wa Mbu. Gari zito, gia ndogo, upepo mdogo mbele, radieta inapuliza hewa ya moto nyuma, na lithiamu yenye asilimia 20 inavuta kila ampea iliyopo. Hapo ndipo ya mzee ilipoungulia.

Kupima: washa injini betri ya lithiamu ikiwa imetumika nusu, bana waya mnene wa alteneta, soma ampea. Ziandike. Subiri dakika 20, soma tena pamoja na joto la ganda. Ukiona ampea ziko karibu na namba ya kwenye kibati na joto limepita nyuzi 100 na bado linapanda, zima. Huna haja ya kusubiri moshi uje kuthibitisha.

Dawa ninayoianza mimi ni chaja ya DC-DC kati ya betri ya kuwashia na ya lithiamu. Kifaa hiki kinachukua kiasi kilichopangwa, ampea 30 au 40 au 50, na hakizidishi hata lithiamu iwe na njaa vipi. Kanuni yangu ni kutopita nusu ya namba ya alteneta, na kwa gari linalopanda milima na kutambaa kwenye tope nashuka zaidi. Kumbuka chaja ya kutoa ampea 30 inavuta zaidi ya 30 upande wa kuingia, maana nayo inapoteza kidogo kwa joto na inapandisha volti. Kwa alteneta ya 80 nilimfungia mzee ya 30.

Alinung'unika. Alitaka 60. Tukapiga hesabu kwenye boksi la kifaa: betri ya 200 ikiwa na asilimia 20 inahitaji ampea-saa 160. Kwa ampea 30 ni saa tano na dakika 20. Arusha hadi Seronera ni mwendo wa siku nzima, na juu ya paa ana paneli ya sola. Akatulia.

Inachaji, lakini haijai

Hili ndilo linalowapeleka wengi dukani kununua alteneta wasiyoihitaji.

Washa taa kubwa na friji, kanyaga mafuta kidogo, halafu pima volti sehemu tatu kwa zamu: kwenye nguzo ya alteneta, kwenye betri ya kuwashia, kwenye lithiamu. Ukisoma 14.2, 14.1 na 13.3, alteneta haina kosa. Volti zimepotelea njiani, na njia ni waya.

Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Kutoka mbele hadi kabati la nyuma ni kama mita tano, na umeme unarudi, kwa hiyo hesabu kumi. Ukipitisha ampea 50 kwenye waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, unapoteza volti 1.4 hivi. Waya wa 16 unapoteza nusu volti. Wa 35 unapoteza robo. Na shaba iwe shaba kweli: kuna waya unaouzwa ukiwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Ukikwangua kwa kisu unaona weupe. Huo upeleke kwenye spika.

Upande wa hasi ndio unaosahauliwa. Gari la miaka 30 lina kutu na rangi chini ya kila bolti ya bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye ganda la alteneta na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, injini ikichaji. Ikizidi volti 0.2, safisha mkanda wa waya unaounganisha injini na chasi, au weka mpya. Nimewahi kuona gari lililobadilishwa alteneta mara mbili kwa ajili ya bolti moja yenye kutu.

Kama volti ni ndogo hata kwenye nguzo ya alteneta yenyewe, mathalani 13.6 injini ikiwa inakimbia, angalia kataauti, kidhibiti cha volti za alteneta, na kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka. Alteneta nyingi za zamani zilipangwa kwa betri ya maji, na zikipata moto hushusha volti kidogo kwa makusudi. Lithiamu inataka 14.2 hadi 14.4 ili ijae vizuri na seli zake zisawazishwe. Kuna ujanja wa kuweka dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya mwembamba ambao alteneta huutumia kupima volti za betri, ili idanganyike na kupandisha nusu volti. Unafanya kazi, lakini siupendi: betri ya kuwashia nayo inapata hiyo nusu volti kila siku na maji yake yanakauka. Chaja ya DC-DC inapandisha volti upande wa lithiamu peke yake.

Na kabla hujafungua chochote, washa swichi bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa nyekundu ya betri iwake. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta haiamki, au inaamka ukikanyaga mafuta sana. Siku hizi vijana wanabadilisha balbu za dashibodi zote kuwa LED ili zipendeze. LED inapitisha umeme mdogo mno, alteneta inaendelea kulala. Rudisha balbu ya zamani hapo.

Kioo cha asilimia kinasema 100, friji inazima usiku

Kipimo cha asilimia hakioni ndani ya betri. Kinahesabu ampea zinazopita kwenye shanti yake, kile kipande cha kupimia kinachofungwa kwenye waya hasi. Kama kuna waya hasi hata mmoja uliofungwa moja kwa moja kwenye nguzo ya betri na kuruka shanti, hesabu ni ya uongo. Fuata kila waya mweusi kwa mkono. Nguzo hasi iwe na waya mmoja tu, unaoenda kwenye shanti.

Kama waya ziko sawa, pima ukubwa wa betri yenyewe. Ijaze, weka mzigo unaoujua, hesabu saa. Betri ya 200 ikizima baada ya kutoa ampea-saa 110, umeuziwa stika.

Mkanda unalia, kuna unga mweusi

Mkanda mmoja wa V haupendi kuzungusha alteneta inayotoa ampea 80 mfululizo. Unalia ukiwasha asubuhi, wakati lithiamu ina njaa zaidi. Watu wanaukaza mpaka beringi za pampu ya maji zinakufa. Bonyeza katikati kwa kidole gumba: ukishuka kama sentimita moja unatosha. Ukiendelea kulia, tatizo ni mzigo, punguza ampea. Mkanda unaong'aa ubavuni kama kiatu umeshaungua, utupe.

Asubuhi gari haliwaki

Magari mengi yana relei ya kuunganisha betri mbili, inayojifunga volti zikifika 13.3 na kufunguka zikishuka chini ya 12.8. Kwa betri ya maji ni mpango mzuri: ukizima injini, volti zinashuka, relei inaachia, friji inakula ya nyuma tu. Lakini lithiamu iliyojaa, ikiwa imepumzika, inakaa kwenye 13.3. Ikifika nusu bado iko juu ya 13. Relei inadhani injini inanguruma, haiachii.

Ubaya wenyewe unakuja unapopiga selfu. Dizeli kubwa inavuta mamia ya ampea, na kwa kuwa lithiamu ina volti za juu na upinzani mdogo sana wa ndani, nayo inakimbilia kusaidia, kupitia waya mwembamba na relei iliyotengenezwa kwa ampea 70. Meno ya relei yanachomelewa. Kuanzia siku hiyo betri mbili ni moja, na usiku friji inazimaliza zote.

Zima injini, toa waya mdogo wa amri kwenye relei, pima volti kati ya bolti zake mbili kubwa wakati friji inakula. Ukisoma sifuri, imeganda. Itoe. Ukishafunga chaja ya DC-DC haihitajiki tena, na usifanye kama wanaoiacha "kwa akiba": umeme utaizunguka chaja na utarudi ulikotoka.

Kama relei iko sawa, shika alteneta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa na uvuguvugu na injini ni baridi, dayodi imetoboka na inakunywa betri usiku kucha. Lithiamu huziua dayodi kwa joto, kwa hiyo magonjwa haya mawili hutembea pamoja.

Ghafla redio imekufa, taa zimeungua, alteneta haichaji tena

Ndani ya karibu kila betri ya lithiamu kuna kadi ya ulinzi, tunaiita BMS. Seli moja ikizidi volti au betri ikichemka, kadi inakata. Haikuagi. Kama alteneta ilikuwa inasukuma ampea 70 na ghafla hazina pa kwenda, volti zinaruka juu sana kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hiyo inatosha kuua dayodi, kataauti, redio, na kompyuta kama gari linayo.

Kinga ni betri ya maji iliyofungwa moja kwa moja na alteneta muda wote, bila swichi wala relei katikati. Inameza huo mruko. Ndiyo maana sikubali mtu anayetaka kuweka lithiamu mbele na nyuma kwenye gari la zamani ili apunguze kilo. Na ule waya mwembamba wa kupimia wa alteneta, kwenye Toyota ni wa herufi S, uishie kwenye betri ya kuwashia. Ukiupeleka kwenye lithiamu, siku BMS itakapokata alteneta itadhani betri imekufa na itasukuma kwa nguvu zake zote.

Chaja ya DC-DC inawaka na kuzima kila dakika

Mara nyingi ni waya tena. Chaja ikianza kuvuta, volti za kuingia zinashuka, inadhani injini imezimwa, inaacha; volti zinapanda, inaanza upya. Nenesha waya wa kuingia na usafishe bodi. Ikizima baada ya nusu saa badala ya dakika moja, imechemka: imefungwa ndani ya kabati pamoja na mablanketi. Ifunge wima kwenye bati, ipate hewa.

Mafuta ndani ya alteneta

Hili ni la wenye injini ya dizeli ya 1HZ, kama ya gari la mzee, na ndugu zake. Nyuma ya alteneta kuna pampu ya kuvuta hewa, inayosaidia breki, nayo inalainishwa na oili ya injini. Sili ikichoka, oili inaingia kwenye kaboni, alteneta inachaji kwa vipindi. Kusafisha kaboni bila kubadilisha sili ni dawa ya wiki mbili tu.

Hapa pia ndipo panapoumiza wanaotaka alteneta kubwa. Ukiitoa hii na kuweka ya gari jingine isiyo na pampu, umeme utakuwa mzuri na breki zitakuwa ngumu kama jiwe. Nimeletewa gari la namna hiyo likiwa limeendeshwa kutoka Babati.

Anayehitaji umeme mwingi kweli, mwenye jiko la umeme na inveta kubwa, namshauri aiache ya kwanza mahali pake na afunge ya pili. Magari mengi ya zamani yasiyo na kiyoyozi yana nafasi ya kompresa iliyo wazi. Iwe na mikanda miwili au ule mpana wa mifereji, na kataauti ya nje yenye kihisi joto kilichofungwa kwenye ganda, inayopunguza ampea joto likipanda. Kataauti hiyo ndiyo inayosema basi. Unaponunua alteneta yenyewe usiulize inatoa ampea ngapi ikizunguka kasi. Uliza inatoa ngapi ikiwa ya moto na injini iko kwenye mzunguko wa chini. Wakikosa jibu, nenda duka la pili. Na kwa kuwa alteneta hii ya pili haina betri ya maji ya kuilinda, kataauti iwe ya aina inayozungumza na BMS na kupewa taarifa kabla haijakata.

Kila kitu kizima, lakini ampea ni sifuri

Mwezi wa saba mzee akanipigia simu, saa moja asubuhi, kutoka Kitulo. Kule ni mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari.

"Fundi, kifaa chako kimekufa. Injini inanguruma nusu saa, kioo kinasema sifuri."

"Shikamoo mzee. Taa ya chaja inawaka?"

"Marahaba. Inawaka kijani."

"Ile ndoo ya maji uliyoacha nje ikoje?"

Kikapita kimya. Nikasikia mlango unafunguliwa, halafu mama anacheka.

"Ina barafu juu."

Lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri inaharibika ndani na haiponi, kwa hiyo BMS nzuri inakataa kupokea, ingawa kutoa inakubali. Betri yake nilikuwa nimeihamishia kwenye boksi chini ya sakafu, nje, kuokoa nafasi ya kabati. Kosa hilo ni langu. Nikamwambia wanywe chai, waanze safari polepole, washuke zile kona 57 za kwenda Chimala, wakirudi Arusha nitaihamishia ndani chini ya kitanda.

Saa tano ukaingia ujumbe kutoka Chimala, neno moja na namba: "Ampea 29."